Siku ya Arobaini na Moja

Mbukwenyi, watu wa Manyoni! Nawasalimu ninyi mnaorudi na ndoo kutoka bombani asubuhi hii, ninyi mliokesha stesheni mkingoja treni, ninyi mnaoinua mayai ya kuchemsha na chupa za asali kwenye madirisha ya mabasi. Anayewasalimu ni mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu, na kwa miezi mitano sasa mama wa mtoto wa kike. Nina neno. Nimelibeba tangu nilipojifungua na siwezi kuendelea kulibeba peke yangu.

Mwanangu alipotolewa wodini, wa kwanza kumpokea alikuwa mzee wa heshima wa ukoo wetu. Alinyoosha mikono juu akasema, "Hongereni, ng'ombe wamezaliwa!" Watu wakashangilia. Nami nilitabasamu, maana mzee yule ananipenda na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini usiku ule nilimtazama mwanangu amelala, vidole vyake vimeng'ang'ania ukosi wa gauni langu, nikatetemeka. Hajamaliza siku moja duniani na ameshapigiwa hesabu ya mahari. Hana jina bado, bei anayo.

Ndugu zangu, mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyomruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama na binti. Majaji walishasema. Mazizi yetu je, yamesikia? Wewe baba unayemtazama mtoto wa darasa la saba ukaona ndama, umesikia?

Hilo nimelisema, nalo nitalisema tena siku nyingine. Leo nimekuja kuhubiri juu ya siku arobaini.

Mnazijua siku arobaini. Mzazi hachoti maji. Mzazi hashiki mwiko. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto, jioni anakandwa tena, tumbo linafungwa kwa kanga, uji wa uwele unamfuata kitandani, kuku wanachinjwa. Mama yangu alikuja na kuku wanne miguu imefungwa pamoja. Mama mkwe akaja na kiroba cha unga na mlenda mkavu. Wifi zangu wawili wakaja, na shangazi mmoja akajiongeza. Nikawa nimelala kama malkia, na nyumbani kwangu wanawake watano wanahangaika tangu alfajiri hadi usiku.

Watano! Niliwahesabu. Mmoja maji. Mmoja kuni na jiko. Mmoja kufua. Mmoja mtoto. Mmoja wageni, kuku na alizeti iliyokuwa inangoja kupurwa. Na jioni wote watano walikuwa hoi, wanajinyoosha migongo ukutani na kuguna. Basi nikawaza: kazi hii iliyowachosha wanawake watano, wiki mbili kabla ya kujifungua niliifanya peke yangu, tumbo liko mbele, nimetoka kusimama darasani mchana kutwa. Na hakuna aliyesema nimefanya kazi. Walisema nimerudi kutoka kazini.

Kumbe mila yetu inajua! Hilo ndilo lililonisimamisha kitandani. Watu husema mila ndiyo inayomkandamiza mwanamke, na ziko zinazomkandamiza kweli, lakini hii ya siku arobaini inatoa ushahidi wa upande wetu. Waliotutangulia walijua uzito wa kazi hii kiasi kwamba mwanamke mmoja alipoangushwa na uzazi waliita jeshi zima kujaza nafasi yake. Ingekuwa kazi nyepesi, angetumwa mtoto mmoja. Siku arobaini ni kiapo cha ukoo mzima kwamba kazi ya nyumba ni kazi.

Kisha siku ya arobaini na moja ikafika. Wanawake wakafunga mizigo. Mama akanibusu, akapanda basi. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nje upepo wa Juni unauma masikio, ndoo iko pale pale nilipoiacha. Na lile jeshi? Limetawanyika. Na ule ushahidi? Umefutwa. Kazi ya watu watano imerudi kwa mtu mmoja, na sasa ana mtoto mgongoni.

Wiki ile ile nilimsindikiza jirani yangu, aliyejifungua karibu siku moja nami, kwenda kwenye ofisi fulani kujaza fomu ya mtoto. Karani akauliza kazi ya baba. Fundi ujenzi. Akaandika. Akauliza kazi ya mama. Jirani yangu akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Nipo tu nyumbani." Karani akaandika herufi nne: Hana.

Niliitazama mikono ya yule mama ikiwa imeshika ukingo wa meza. Viganja vimepasuka kwa sabuni ya mche na baridi. Kwenye kucha kuna weusi wa alizeti, maana alikuwa ametoka kupura magunia mawili na mtoto yuko kwenye kanga. Kwenye kiwiko kuna alama mbichi ya moto wa sufuria. Mikono ile ilikuwa imelisha watu sita asubuhi hiyo. Na karatasi ikasema hana kazi. Naye akaweka dole gumba, akakubali.

"Nipo tu." Dada zangu, maneno hayo mawili ni sumu! Tunayanywa wenyewe, kwa hiari yetu, mbele ya mashahidi. Uko tu namna gani? Jiwe ndilo liko tu. Mbuyu ule wa njiani ndio uko tu. Wewe umechota, umepepeta, umesaga, umesonga, umefua, umenyonyesha, umemkogesha bibi asiyeona, halafu unasema uko tu? Siku nyingine karani akiuliza, inua uso useme: ninalea, ninalima, ninaendesha nyumba. Akikosa nafasi ya kuandika, mwambie ageuze karatasi aandike nyuma.

Wala usidhani ninakufundisha jeuri. Ninakufundisha sheria ya nchi yako. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ndoa imevunjika, mke hakuwa na mshahara, hakutoa fedha kununua nyumba. Je, amechangia chochote katika mali ile? Mahakama ikafungua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa na kusema kwamba kupika, kulea, kumtunza mume na nyumba ni mchango, nao unahesabiwa katika kugawa mali. Mimi sikuwa nimezaliwa. Neno hilo limekaa kwenye vitabu vya sheria miaka zaidi ya arobaini, na bado halijafika kwenye ile meza ya karani.

Rudini nyuma zaidi. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lile ambalo wazee wetu waliliimba na kuliandamania, lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 mpaka 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Hakuyaandika mgeni maneno hayo, wala si mambo ya wazungu kama wengine wanavyopenda kutunyamazisha. Ni TANU. Ni Mwalimu Nyerere. Basi mtu akikwambia haki ya mwanamke ililetwa na semina za juzi, muulize: mwaka 1967 kulikuwa na semina gani?

Na mjue kwamba taifa hili limejitahidi tusife. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionesha vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonesha 104. Hao ni mama zetu wanaorudi nyumbani wakiwa hai, na nawabariki wakunga wanaokesha na taa ya simu. Mimi nilitokwa damu nyingi, na mikono ya wakunga ndiyo iliyonirudisha. Lakini nauliza nikiwa hai: nimeokolewa nije kufanya nini? Nimevuka mto ili nife kwa mgongo ng'ambo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilinipa siku 84 za likizo, ningejifungua pacha ningepata 100, na nirudipo kazini naruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Namshukuru Mungu kwa hizo. Yule jirani yangu hana hata moja, kwa sababu mwajiri wake ni jua na ndoo. Na baba? Sheria inampa siku tatu, ndani ya juma la kwanza. Tatu! Ya kwanza mume wangu aliimaliza kwenye benchi la hospitali. Ya pili alikuwa anatafuta dawa na nepi. Ya tatu alipokea wageni. Ya nne akawa kazini, na mtoto hajaifahamu hata harufu yake. Wabunge wetu, mkija huku kuomba kura, tutawauliza juu ya siku tatu hizo. Tutawauliza kabla ya kuuliza barabara.

Sasa akina baba, sogeeni. Sikuja kuwachapa. Nimekuja kuwaita.

Wengi wenu mnapenda kumtaja Yusufu wakati wa Krismasi. Mmetazama alichofanya? Alipoonywa usiku hakumwamsha Mariamu akamwambia, mtoto ni wako, jitayarishe. Aliamka yeye. Alimchukua mtoto na mama yake, akatembea nao usiku mpaka Misri, nchi ya ugenini. Nani alibeba maji njiani? Nani aliwasha moto? Mwanamume yule alikuwa seremala mwenye mikono migumu, na Mungu alipotafuta mtu wa kumkabidhi mtoto mchanga, alitafuta mikono hiyo. Nanyi ndugu zangu Waislamu mnaoswali mtaa wa pili kutoka kwangu, mnasimuliwa na Bibi Aisha kwamba Mtume alipokuwa nyumbani alishughulika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na alishona viatu vyake mwenyewe. Kitabu chenu kinamwagiza baba amlishe na kumvika mama anayenyonyesha, tena kinakataza mama adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Basi ni dini gani iliyowafundisha kwamba kushika beseni ni aibu? Haimo katika yangu, haimo katika yenu. Ni dini ya kijiweni.

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Usiku wa siku ya arobaini na tatu, saa nne imepita, nilisikia maji uani. Nikachungulia. Mume wangu amechuchumaa mbele ya beseni la bluu, simu ameiegemeza kwenye tofali imulike, anafua nepi. Anafua vizuri! Anaanza kwa kusuuza uchafu, anapaka sabuni, anasugua kwa kifundo cha mkono, anainua kwenye mwanga kutazama kama doa limetoka. Nilihesabu kumi na mbili. Moyo wangu ulijaa, nikasimama pale dirishani nikilia kimya. Kisha akazikamua, akazibeba ndani kwa mwendo wa kunyata, akazitandaza sebuleni, juu ya viti, juu ya usukani wa baiskeli, juu ya kamba ya chandarua. Nikamuuliza, "Baba, mbona usizianike nje zikapigwa na jua la asubuhi?" Akakaa kimya kitambo. Akasema, "Watu watasema."

Watasema nini? Mnajua, na mimi najua. Watasema kalishwa limbwata. Watasema amekaliwa. Watasema yule si mume tena, amekuwa mke mwenza. Mwanamume akimpiga mkewe hakuna anayetafuta dawa aliyolishwa. Akinywea pombe fedha za shule hakuna anayesema karogwa. Akifua nepi ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, hapo ndipo tunamtafuta mganga! Jamani, tumefikaje mahali ambapo upendo unahitaji maelezo na ukatili hauhitaji?

Na nepi zile hazikukauka. Asubuhi zilikuwa na unyevu, zina harufu ya kuvunda. Tulizitumia hivyo hivyo, hatukuwa na nyingine. Siku ya tatu mapaja ya mwanangu yakajaa vipele vyekundu, akalia kila akikojoa, kilio cha kukauka koo. Vipele vile ndivyo vilivyonitia kalamu mkononi. Ile aibu ya baba yake, na yale maneno yenu ya kijiweni, nani aliyalipa? Ngozi ya mtoto wa siku arobaini na sita. Mungu ametunyima mvua hapa Manyoni, lakini jua hajatunyima hata siku moja, na tukamkosesha mtoto jua kwa kuogopa midomo.

Tena kuna neno jingine la midomo, nalo sitaliacha. Mtoto akidhoofu, akiharisha, akichelewa kukaa, wanawake wenzetu wananong'ona: wamembemenda. Maana yake mama hakujizuia. Mama amepatikana na hatia kabla mtoto hajapelekwa kwenye mizani. Nimewaona akina mama wanaficha watoto wagonjwa ndani, wanaogopa kliniki kwa kuogopa macho ya wale watakaokutana nao njiani. Msikilizeni mwalimu huyu: mtoto anayekonda anaweza kuwa na njaa, anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa anaharishwa na maji machafu. Mpelekeni apimwe. Mkitaka kuchunguza, chunguzeni kwanza sahani ya mama yake. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida yake, na mara nyingi ndiye anayekwangua sufuria. Katika siku zangu arobaini, hapa Singida, mkoa unaosifika kwa kuku nchi nzima, walichinjwa kuku tisa kwa ajili yangu. Firigisi tisa zote zilikwenda kwa wanaume. Mimi niliyetokwa damu nilipewa mchuzi, na waliozipeleka firigisi zile walikuwa wanawake.

Hapa inabidi nijihubirie mwenyewe, maana nami nina dhambi.

Likizo yangu iliisha Julai. Nani atakaa na mtoto? Hatukumuuliza baba. Hatukukaa kikao. Mama alinipigia simu: kuna binti wa mjomba, ana miaka 13, mpole, anajua kulea. Nikasema aje. Mimi mwalimu! Mimi ninayeita mahudhurio kila asubuhi na kuweka alama nyekundu kwa asiyekuwepo, nikasema aje. Siku hizi shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada, kwa hiyo sikuwa hata na kisingizio kwamba wazazi wake hawana uwezo. Alikuja na mfuko wa sandarusi wenye magauni mawili na daftari la hisabati. Daftari! Nililiona nikafanya kama sijaliona. Nilikwenda kufundisha watoto wa watu sehemu za desimali, na nyumbani kwangu mtoto wa mjomba ameketi na mwanangu, desimali zake ziko ndani ya mfuko.

Wiki ya tatu nilirudi mapema. Nikamkuta amempakata mtoto, anamwimbia jedwali la saba. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Anamwimbia ili yeye mwenyewe asilisahau.

Nilipiga magoti pale mlangoni. Nilimwomba msamaha mtoto wa miaka 13, na Jumatatu mume wangu na mimi tulimrudisha kwao na kumkabidhi kwa mwalimu wake. Nauliza tena, akina mama wasomi, akina mama wa ofisini, mnaosimama Machi 8 na vitenge vya sare: mgongo wa nani umebeba uhuru wako? Singida na Dodoma zimepeleka mabinti wangapi kwenye majiko ya Dar es Salaam ili mwanamke mwingine aitwe ameendelea? Mwanamke hakombolewi kwa kumfunga mwanamke mdogo zaidi. Na mfanyakazi unayempa mshahara, awe mtu mzima, alipwe stahili yake, apumzike, aitwe kwa jina lake. Tangu siku ile tumepanga zamu. Asubuhi mtoto anakaa na mama mmoja mtu mzima wa jirani, tunamlipa kila Jumamosi. Saa nne nakwenda kumnyonyesha. Saa kumi baba yake akitoka kazini anamchukua, na mimi nasahihisha madaftari. Ni ngumu. Kuna siku tunagombana. Lakini ugumu sasa una watu wawili.

Mama mkwe, mama yangu, na wewe ninakuita, kwa heshima ya magoti yote mawili. Ulipomwona mwanao ameshika beseni ulisema, "Sikukuzaa uje ufue." Nilikusikia. Sikukujibu, kwa adabu. Lakini usiku ulinisimulia mwenyewe jinsi ulivyojifungua mtoto wako wa nne asubuhi na jioni ukaenda korongoni kufukua mchanga upate maji, kwa kuwa mama mkwe wako alikuwa amekufa na hakukuwa na wa kukushika mkono. Ulisimulia kwa fahari, lakini kanga yako ulikuwa unaisokota vidoleni. Mama, ile haikuwa haki. Ulistahili kuletewa maji. Kama mumeo, mwanamume ambaye wote tunamheshimu, angekwenda korongoni siku ile badala yako, asingepungua hata nywele. Usinirithishe jeraha lako ukaliita desturi. Nirithishe nguvu zako.

Na msiniambie kwamba Ugogo wetu huu haujui mambo haya. Peter Rigby, mtafiti aliyeishi na Wagogo miaka ya 1960, ameandika kile ambacho bibi zetu walikifanya mifugo ilipopatwa na balaa: wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha za wanaume, wakachunga ng'ombe, wakacheza mpaka wakaifukuza nuksi ile kwenda mbali na nchi. Mambo yalipoharibika, ukoo uliamua kwamba dawa ni wanawake kusimama mahali pa wanaume! Na ngoma ya muheme, inayotetemesha kifua ukiisikia kutoka kilima cha pili, inapigwa na akina nani? Wanawake, ngoma zimebanwa kati ya mapaja. Jirani zetu Wanyaturu wanamkumbuka Liti Kidanka aliyewapinga Wajerumani, na simulizi zinasema nyuki walikuwa askari wake. Singida hii hii ilimzaa Anna Mghwira, mwanamke pekee kati ya wagombea urais wanane mwaka 2015. Nchi ambayo wanawake wake walichunga, wakapiga ngoma, wakaongoza vita na kugombea Ikulu, inashindwaje kumwona mwanamume akifua?

Basi simameni! Baba, kesho alfajiri shika ndoo kabla mkeo hajaamka. Usiseme unamsaidia, hasaidiwi mtu kazi iliyo ya wawili. Siku ya kliniki mbebe mwanao mwenyewe, ushike na kadi, uketi kwenye benchi lile lililojaa wanawake, usikie muuguzi anavyosema. Shamba lenu likipimwa na kijiji kikitoa hati ya hakimiliki ya kimila, andikeni majina mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawa na ya mwanamume. Tena binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na umati wote wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wamesema kweli. Wachungaji, mashehe, makatekista, hubirini hilo Jumapili na Ijumaa. Mmehubiri utii wa mke mpaka tumeukariri. Hubirini sasa mikono ya Yusufu. Na ninyi vijana wa kijiweni mnaocheza drafti kando ya reli, mkimwona mwenzenu na beseni, fungeni midomo yenu au mkamshike upande wa pili.

Jumamosi iliyopita mume wangu alifua saa mbili asubuhi, mchana mweupe. Alipomaliza alisimama katikati ya ua na nepi zote kwenye bega. Akanitazama. Sikusema neno. Akatoka nje ya uzio, akazianika kwenye kamba inayotazama njia, moja moja, akizinyoosha pembe, vibanio amevishika kwa meno. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli, na kiroba cha pumba nyuma, akakanyaga chini, akasimama. Akazitazama nepi. Akamtazama mume wangu. Mimi mlangoni nikawa nimeshika pumzi na mtoto kifuani.

"Hizo," mzee akauliza, "zinakauka kwa muda gani?"

"Saa moja," akajibu, "kwa jua hili."